Sahani ya Hosea Pellowe

Kiti cha mwisho wa meza kilikuwa na joto. Ardith alikigusa Jumapili asubuhi alipokuwa akiondoa vyombo, akabandika kiganja juu ya mbao kama anavyopima homa ya mtoto, akajua kwamba lile ni joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Lakini hakukuwa na mtu. Wendell, mumewe, alikuwa baharini siku ya nne. Corinne, binti yao wa miaka mitano, alikuwa bado amelala.

Sahani iliyokuwa mbele ya kiti kile ilikuwa imelambwa ikang'aa. Zile mbili za pembeni zilikuwa na maharage yake kama alivyoyapakua, yameganda.

"Panya," Ardith alijiambia. Ila panya gani huyo anayekunja kitambaa cha mezani akimaliza kula?

Sahani zote tatu aliziweka yeye mwenyewe Jumamosi. Kwao ndivyo ilivyokuwa siku zote: jina likiandikwa kwenye Biblia ya ukoo, mwenye jina hupakuliwa chakula siku hiyo hiyo, awe kichanga, awe bibi harusi, awe marehemu aliyepatikana baada ya kupotea. Ajue ana kwao.

Ulikuwa mwaka wa 1983, na pwani yetu nzima ya Nova Scotia ilikuwa ikitimiza miaka mia mbili tangu meli zilipowaleta watu waliomfuata mfalme wa Waingereza katika vita vya Wamarekani. Mjini walikuwa wakichonga ubao mkubwa wa majina ya familia za kwanza. Majina yetu sisi weusi hayakuwamo, ingawa wazee wetu walishuka kutoka meli zile zile. Waingereza waliahidi uhuru kwa mtumwa yeyote atakayemkimbia bwana wake muasi, na wetu walikimbia.

Ardith alitaka jina la wazee wake lichongwe kabla Corinne hajaanza shule. Mama mmoja wa kamati alimpa fomu, akampa na chai.

"Jaza tu, mpenzi. Ila juu kabisa aandikwe mkuu wa familia, mwanamume. La sivyo wenzangu wataitupa."

Basi Ardith aliandika barua kuvuka mpaka, hadi Carolina Kusini, walikotoka wazee wake. Mtunza maktaba mmoja wa huko, mzee asiyemjua hata kwa sura, alihangaika naye miezi miwili. Akanakili karatasi kwa mkono kwa sababu ya uchakavu wake, na ndani ya bahasha akamtilia Corinne ua lililokaushwa. Karatasi ilikuwa orodha ya watu wa shamba moja la nili, ule mmea ambao majani yake huozeshwa majini na kukorogwa yatoe rangi ya buluu. Dinah, miaka ishirini na mmoja. Phibby, mtoto wake, miaka mitano. Wametoroka. Na juu yao, kwa herufi kubwa, Hosea Pellowe.

Ardith alizaliwa Pellowe. Aliona jina la ukoo wa baba yake, moyo ukamruka, na kwa kuwa alitakiwa mwanamume wa kukaa juu, akamwandika huyo juu. Kwenye fomu, kisha kwa wino kwenye Biblia, Dinah na Phibby chini yake. Akampa na kiti cha baba yake. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alikuwa na furaha tu.

Jumatatu ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya majani yaliyoozea kwenye maji siku nyingi, na ilikaa jikoni hata milango ilipokuwa wazi na upepo wa bahari ukipita. Jumanne, mchana, Ardith akiwa anakanda viazi na samaki wa chumvi, alisikia fimbo ikigonga mbao za ghorofani. Ilikwenda hatua sita, ikasimama, ikarudi hatua sita. Alipopanda hakukuta kitu, ila harufu ilikuwa kali huko kuliko chini.

Jumatano ukungu ulishuka. Corinne aliingia kutoka chumbani kwake, ameficha mikono nyuma.

"Lete nione," Ardith alisema.

Vidole vilikuwa vya buluu mpaka kwenye kucha. Na kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, alama za vidole vya mtu mzima aliyeshika kwa nguvu.

"Umechezea wino?"

"Hapana, Mama. Ni yule bwana wa kwenye kiti. Anasema mikono yangu midogo inafaa kukorogea." Mtoto alipiga miayo. "Ananiita Phibby. Nikimwitikia anafurahi."

"Umemwitikia?"

"Mara mbili. Anasema ya tatu tutaondoka."

Ardith alisugua mikono ile kwa sabuni mpaka mtoto akalia, kisha akaacha, akavibusu kimoja kimoja vile vidole. Rangi haikutoka. Akambeba Corinne mgongoni, mkubwa vile, akakata ukungu mpaka kwa Shangazi Oreta.

Shangazi Oreta alikuwa mama wa kanisa letu, miaka themanini na mbili, na ndiye aliyeitwa nyumba ikiharibika. Aliwahi kufukuza mizimu miwili: mmoja kisimani na mwingine kwenye kitanda cha wagonjwa. Alimtazama Corinne mikono, akamsikiliza Ardith hadi mwisho, akavua miwani.

"Ngoja nielewe. Mtu aliyemmiliki Dinah kama ng'ombe, wewe umempakulia maharage?"

"Nilidhani ni babu yetu, Shangazi."

"Labda ni babu, labda si babu. Mbwa mwitu naye ana watoto. Ndiyo umpe kiti cha kaka yangu?"

"Fomu ilitaka mwanamume."

"Fomu!" Oreta alicheka bila furaha. "Na sahani ya Dinah?"

"Haikuguswa. Wala ya Phibby."

"Sasa ulitaka Dinah aje akae meza moja na huyo? Alivuka vita vizima ili asile naye tena." Alimfunika mtoto shali yake mwenyewe, taratibu, kama anayefunika mkate moto. "Mimi nitaomba na nitaimba. Lakini sikumkaribisha mimi. Aliyempa kiti ndiye atakayemnyang'anya. Utaweza?"

"Sijui."

"Basi jibu la kweli hilo. Twende."

Walifika saa saba mchana na jikoni kulikuwa na giza la ukungu. Oreta alikaa kwenye ngazi ya mlango, amempakata Corinne, mkono wake mmoja umemziba mtoto mdomo kwa upole asije akaitikia. Ardith alipakua maharage ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, kwenye sahani, akaiweka mbele ya kiti kile. Mbao za kiti zililia, kama zinavyolia mtu mnene akijiweka sawa.

"Phibby," sauti ilisema. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mara moja na kujibiwa. "Phibby, njoo."

Mtoto alijikunja mapajani mwa Oreta.

"Usimwangalie, mwanangu," Oreta alinong'ona. "Ardith! Unangoja nini, posta ifungwe?"

Ardith hakuona mtu, lakini aliona mahali mtu alipo, kwa sababu ukungu ulioingia mlangoni ulipazunguka na kupaacha wazi, na hapo ndipo alipokwenda, akaushika mgongo wa kiti uliokuwa na joto la mwili, akageuka, akaketi. Alimkalia. Aliingia ndani yake kama mtu anayeingia kwenye pipa la maji yaliyooza, baridi ikampanda mapajani na kiunoni na kifuani, mikono isiyo yake ikamshika vifundo kutokea ndani ya mifupa yake mwenyewe, na mdomo ukamjia sikioni ukimwita Dinah, Dinah, Dinah, huku harufu ikimjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake wa kulia, uliokuwa mzito kama mkono wa maiti, ukajikokota juu ya meza, ukashika kijiko, ukachota maharage, ukayapeleka mdomoni, akatafuna, akameza, akachota tena.

"Dinah aliondoka," alisema, maharage mdomoni. "Ulikuwa na farasi, ulikuwa na mbwa, ulikuwa na bunduki, na bado alikutoka akiwa na mtoto mgongoni. Leo una nini? Una maharage yangu tu. Na haya nayakula mimi."

"Mimi ndiye mkuu wa..."

"Wewe si mkuu wa chochote. Hiki ni kiti cha baba yangu, Amos Pellowe, mvuvi. Alimmenyea mama viazi alipokuwa mjamzito. Inuka!"

Oreta aliimba, sauti imepasuka, wimbo wa ubatizo wetu wa asubuhi. Ardith alikula mpaka kijiko kikakwaruza sahani tupu. Mikono ikamwachia. Fimbo ikagonga mara moja kwenye kizingiti, ukungu mlangoni ukachanika, kisha jikoni kukanukia molasi tu.

Alitapika baadaye, na Oreta alimshikia nywele.

Vidole vya Corinne vilirudi rangi yake kufikia jioni. Ardith alimkata Hosea kwenye Biblia kwa mistari mitatu, akaandika Dinah juu, peke yake, na kwenye fomu vivyo hivyo. Kamati ilirudisha fomu, kwa kuwa juu hapakuwa na mwanamume. Mama yule wa chai aliileta mwenyewe kwa miguu, aibu imemjaa, akasema alipiga kura ya ndiyo na ilikuwa moja tu. Wendell aliporudi alichonga ubao wao, akaupigilia ukutani kuelekea barabara, ambapo watu wote wa mjini hupita: DINAH, 1783.

Hosea hakwenda mbali. Siku za ukungu husimama ng'ambo ya barabara, na harufu yake hufika mpaka kwenye uzio. Wiki iliyofuata Corinne alikuwa ngazini akila mkate na jamu, Ardith akianika nguo, sauti ilipoita kutoka huko. Safari hii haikukosea jina.

"Corinne."

Ardith aliangusha shuka, akaanza kukimbia.

"Siji," mtoto alisema, akauma mkate wake.