Mstari wa Kwanza

Haya yalimpata rafiki yangu, mhudumu wa ndege. Kazini kwao karatasi ya safari hutiwa saini kwa ukubwa: mkongwe kwanza, na mdogo hathubutu kumtangulia. Miaka kumi na mmoja mstari wa kwanza ulikuwa wa Dada Mkuu, mhudumu mkongwe kuliko wote, aliyeandika kwa mkono wa kushoto, kiganja kikiburuza wino mpaka saini ikachafuka.

Jumatatu ndege iliondoka na Dada Mkuu, ikaanguka. Alhamisi mchana, siku tatu tu, msimamizi akamsukumia rafiki yangu karatasi.

"Umepanda cheo. Tia saini pale juu."

"Hata hajazikwa," alisema rafiki yangu kwa hasira. "Mnatuhesabu kama viti. Mstari ule siugusi."

Msimamizi akabetua mdomo, akatoka. Rafiki yangu akatia kalamu mfukoni, mstari ukabaki mtupu.

Mara umeme ukakatika, na chumba kile hakina dirisha. Gizani akasikia sanduku la magurudumu likiburutwa sakafuni, gurudumu moja bovu likigonga tak, tak, mpaka mezani. Kisha kimya.

Taa zilipowaka alikuwa peke yake. Mstari wa kwanza ulikuwa na saini, wino wake mbichi, umeburuzwa na kiganja.