Wageni wa Kituo cha Polisi

Sikilizeni, watu wa kwetu. Asubuhi moja kata moja, huko kati ya Bunda na Butiama, ilikuwa imetulia. Mbuzi ameshachinjwa, akina mama wanasonga ugali, na Edwin, mtendaji wa kata, anazunguka akisifia harufu ya supu. Ilipendeza kutazama, ila karamu yenyewe ilitokana na uongo wake.

Mkuu wa kituo kidogo cha polisi alikuwa amemwambia, "Mtendaji, usitaje kwamba mkoa unaleta uchunguzi kituoni, utachafua hali ya hewa. Sema tunapata wageni." Edwin, mwoga wa lawama, akatangaza hivyohivyo kanisani Jumapili. Na mnajua tulivyo: mgeni anakirimiwa, aibu za nyumbani zinafungiwa chumbani mpaka aondoke.

Basi siku hiyo ya karamu, jikoni alimkuta Hyasinta, mama yake Gati, ananyonyoa kuku. Mumewe, Machibya, alikuwa bado mahabusu kwa tuhuma za kuiba ng'ombe ambaye mwenye mali alishampata, na mkono wake ulivunjwa humohumo.

"Mama Gati, hujaenda kuongea na wale watu waliokuja, wanaokula pale nje?"

"Nitaongea nini, mtendaji? Tunakuwaga na adabu mbele ya wageni. Wakiondoka ndo nitalia."

Edwin aliona aibu, aibu ya kweli. Watu wa kumwokoa Machibya walikuwa nje wanakula, na mkewe anawapikia kimya. Alitoka, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, niliwadanganya. Hawa si wageni. Wametoka mkoani kuwachunguza polisi wetu, maana watu wanapigwa mahabusu. Mwenye la kusema aje aseme."

"Mtendaji!" mkuu wa kituo aling'aka.

"Nimeshasema, afande," Edwin alijibu.

Hyasinta alinawa mikono, akaenda kuketi mbele ya wachunguzi. Alieleza yote. Alipoinuka, nyuma yake walikuwa wamejipanga majirani ambao hakuna aliyejua kwamba nao walipigwa.

Jioni hiyo Machibya alitolewa, akapelekwa hospitali Musoma. Mkono utapona, ingawa pamba ya msimu huu atapalilia mkewe. Mkuu wa kituo amesimamishwa kazi, na uchunguzi unaendelea.

FUNZO

Viongozi, uchunguzi uiteni uchunguzi. Mkiuremba kwa maneno matamu, aliyeumizwa hatajua kwamba msaada umefika. Askari mwema hapungukiwi kitu akichunguzwa. Nasi wananchi, kiongozi akizungukazunguka, tumuulize palepale: hao watu wanakuja kufanya nini?