Blanketi Lililonunuliwa Sabato

—Sabato iliyopita uliniambia ulikuwa wapi?

Haron alikuwa ametoka Kisii mjini mpaka kituo cha majani chai cha Ekerenyo akidhani ameitiwa mipango ya Jumapili, siku ambayo wazee wa kwao wangefika kwa kina Nyamoita kuzungumza ng'ombe wa mahari. Sasa mchumba wake amesimama mbele yake, kikapu cha majani mgongoni, simu mkononi.

—Kanisani, alisema. Si tulialikwa kuimba Nyamira?

—Mhubiri alisoma wapi?

—Zaburi.

—Zaburi ya ngapi?

—Ile ndefu.

—Haron.

—Mimi ni mwimbaji wa besi, Nyamoita, si karani wa mahubiri.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mizani walicheka. Nyamoita alimsogezea simu usoni.

Programu iliyokuwa wazi kwenye simu hiyo iliitwa Kapu, na Haron ndiye aliyeiunda pamoja na wenzake katika chumba kimoja juu ya duka la dawa mjini. Mtu huweka humo kuponi za madukani, na siku ya kununua humwonyesha mwenye duka akapunguziwa bei. Kwa ajili ya Nyamoita, Haron aliongeza sehemu ya wachumba: simu mbili, kapu moja. Kwa miezi minane walikuwa wamejaza kuponi za vitu vya nyumba yao, sufuria, godoro, mapazia.

—Soma, Nyamoita alisema. Soma kwa hiyo sauti ya besi.

—"Blanketi la watu wawili. Kuponi imetumika. Mosocho, Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi."

—Mimi blanketi hilo sijalilalia. Nani amelilalia?

—Si hivyo unavyofikiri.

—Saa nne mimi niko kanisani nakuombea, wewe uko dukani unanunua blanketi. Lynette alikuwepo?

—Alikuwepo.

Lynette alikuwa mwenzake Haron kazini, msichana wa Homa Bay mwenye kicheko kikubwa. Nyamoita alikuwa amekutana naye mara moja tu, na siku hiyo Lynette aliondoa uzi kwenye kola ya Haron bila hata kufikiri, kama mke. Uzi ule ulikuwa umemnyima Nyamoita usingizi kuliko malaria.

—Basi waambie wazee wenu wasije Jumapili.

—Ngoja nikueleze.

—Sikutaki wewe. Nipigie yeye.

Haron alipiga kwa simu yake na kuweka sauti ya nje; iliita mara mbili tu.

—Haron, umefika Ekerenyo?

—Ni mimi Nyamoita.

—Shemeji, habari za huko?

—Usiniite shemeji bado. Blanketi liko wapi?

—Liko kwa mama mmoja wa Mosocho anaitwa Bathsheba. Ana miaka sabini na kitu. Kwani hajakwambia? Haron, wewe ni mwoga kweli.

—Niambie wewe.

—Duka la Mosocho lilikuwa linaijaribu Kapu kwa mwezi mmoja, na mwezi wenyewe ulikuwa unaisha Jumamosi ile saa sita. Asubuhi kuponi zote za wateja zikakwama. Wamama wanapiga kelele, mwenye duka anasema tuondoke na simu zetu. Nilimpigia Haron mara tisa. Akaja na suti ya kanisa, Biblia kwapani. Mama Bathsheba alikuwa wa kwanza kwenye foleni na kuponi yake imekataa, basi Haron akatoa ya kwake, maana za simu yake zilikubali, mama asiende mikono mitupu. Halafu akakaa juu ya magunia ya sukari akitengeneza mpaka saa sita kasorobo. Hata soda alikataa.

—Alifanya kazi Sabato?

—Mimi ni Mkatoliki, kwangu hiyo ni Jumamosi tu. Lakini yeye alikuwa karibu kulia. Nilimwambia, mweleze msichana wa watu kabla hilo kapu lenu halijamweleza.

Nyamoita alikata simu. Baba yake, Mzee Anyona, ambaye yeye humwita tata, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Mwaka juzi alikuwa amerudisha posa ya mwalimu wa Magwagwa kwa sababu mtu alimwona akivuna mahindi Jumamosi.

—Ulimwogopa tata.

—Nilimwogopa. Nikasema akijua, nimekukosa.

—Na mimi je? Kazi ya Sabato ningekununia siku mbili. Lakini tangu asubuhi nawaona nyinyi wawili ndani ya blanketi moja. Unajua hiyo inauma vipi?

—Nisamehe.

—Twende kwa tata.

—Nyamoita, tungengoja harusi ipite...

—Unataka nikae na wewe miaka arobaini nikilinda siri ya Mosocho? Twende sasa.

Walimkuta mzee akikata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe. Haron alisema yote akiwa amesimama. Mzee Anyona aliweka panga chini.

—Duka lilibaki nanyi?

—Lilibaki, mzee.

—Sikuulizi ili nikusifu. Jumamosi utasimama mbele ya kanisa letu, useme kwa kinywa chako. Ukishindwa, Jumapili wazee wenu watakunywa chai warudi kwao.

Jumamosi Haron alisimama. Sauti ile nzito ilitetemeka mpaka watoto wakainua vichwa kumtazama. Alieleza habari za duka, za magunia ya sukari, na za uongo wa Zaburi. Alipomaliza, Mzee Anyona aliuliza kutoka mbele:

—Kijana huyu si wa kanisa hili. Nani hapa anamjua, asimame naye?

Nyamoita aliinuka kutoka upande wa wanawake.

—Mimi namjua, tata. Alinidanganya, na amesema. Wazee wake wanakuja kesho, na mimi ndiye nitawapikia.

—Na hasira zako? mzee aliuliza.

—Hizo hazihusu kanisa, alisema Nyamoita. Nitazimalizia kwake.