Mkaa Ulioshiba

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia ua, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kubadilisha mkaa wa chujio la maji ya kisima. Mjomba alinikabidhi kazi hiyo nilipotimiza miaka kumi na miwili.

Juu ya mtaa wetu palikuwa na kiwanda cha dawa. Kilikuwa kimefungwa, lakini maji yake machafu yalikuwa yamezama ardhini kwa miaka mingi, na wapimaji wa maji walikuta mabaki ya dawa katika kisima chetu. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, hayana harufu. Ila vyura wa mtaroni walikuwa wamenyamaza, na hakuna aliyekumbuka tangu lini.

Mjomba alikuwa fundi bomba. Alichoma magunzi ya mahindi ndani ya pipa lililofunikwa ili hewa isiingie, yakawa mkaa mwepesi wenye vitundu visivyoonekana. Ulipopondwa na kupangwa juu ya mchanga, mkaa huo ulinasa dawa maji yalipopita. Wapimaji waliukubali kwa sharti moja: ubadilishwe kila wiki.

"Mkaa hushiba kama mtu," Mjomba aliniambia. "Ukishiba haunasi tena. Na hautakuambia kwamba umeshiba."

Jumamosi ile nilichoka kuponda. Masizi yalinijaa hadi kwenye kope, na wenzangu walikuwa wakinipigia mbinja twende mpirani. Nikautoa mkaa wa zamani, nikausuuza kwa ndoo mbili za maji, nikaurudisha. Mweusi ni mweusi, nikajisemea. Nani atajua?

Saa tatu watu walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba la chujio. Wa kwanza alikuwa jirani yetu mshonaji, amempakata mjukuu wake aliyeachishwa ziwa juzi. Hakuna aliyeteka kabla Mjomba hajanywa. Alikinga kikombe, akakiinua kwenye mwanga.

"Fundi, unakunywa au unayasomea dua?" mshonaji alimtania. "Mtoto ana kiu huyu."

"Tulia, mama. Maji hayana miguu."

Watu wakacheka. Nami nikaificha mikono yangu yenye masizi mgongoni. Mjomba akanywa kikombe chote. Kisha mshonaji akakinga chake, akakisogeza kwenye midomo ya mtoto.

"Asinywe," nilisema.

Kicheko kilikatika. Mjomba akanigeukia.

"Mkaa sikubadilisha. Niliusuuza tu."

Mshonaji alikishusha kikombe taratibu, akamfuta mtoto midomo kwa kiganja. "Na Fundi ameshakunywa," alisema.

Mjomba hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. "Maji ya kusuuzia uliyamwaga wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye tuta la mboga. Tulikuwa tuzichume jioni ile.

Akafunga bomba. Tuling'oa mboga zote, tukachota na udongo uliolowa, tukavitia katika pipa lenye mfuniko pamoja na mkaa uliotumika. Pipa hilo wapimaji hulichukua na kuvichoma vilivyomo katika tanuri kali. Watu walirudi na ndoo tupu. Wengine walininunia, wengine hawakunitazama kabisa. Niliponda mkaa mpya hadi viganja vikatoka malengelenge.

Bomba lilikaa limefungwa siku nne. Wapimaji walipoyakubali tena maji, nilimuuliza Mjomba kama ataugua.

"Wamesema kikombe kimoja hakiniangushi," alijibu. "Hatari ni kunywa kidogo kidogo, kila siku, bila kujua."

Mjomba alizeeka, na mwaka jana akatutoka. Lakini aliyoniambia siku ile nayakumbuka neno kwa neno:

"Maji haya macho hayawezi kuyapima, mpwa wangu. Watu wanapanga ndoo kwa sababu wanakuamini wewe. Ukichoka, niite tuponde wawili. Ukikosea, sema, hata kama umati mzima unakutazama. Ila usingoje tena mpaka mtu ameshameza."