Mvua ya Birika Mbili na Nusu

Jumamosi moja ya Oktoba, soko kuu la Morogoro likiwa limefurika watu mpaka pa kuweka mguu hapaonekani, Laurenti alikuwa amesimama mbele ya meza ya vyombo akilinganisha masufuria mawili yaliyofanana kabisa. Robo saa nzima alikuwa pale. Ndivyo alivyokuwa. Kazi yake ilikuwa kukagua vipima mvua vya mkoa mzima. Alikuwa kijana wa Ufipa, umri miaka ishirini na minane, suruali yake ya bugaluu imepigwa pasi ikanyooka, viatu vya raizoni vimemwongezea inchi mbili asizozihitaji, na hakuwahi kununua hata mche wa sabuni bila kuulinganisha na mwenzake.

Kwenye meza ya pili mwanamke mmoja alikuwa akimweleza muuza chupa kwamba anataka chupa ya kupimia mvua. Muuzaji hakubabaika. Alimletea chupa ya brandi, akamletea ya kunyonyeshea mtoto, kisha akamhakikishia kwamba maji ya mvua hayachagui, yataingia yoyote. Laurenti akageuka. Aliona gauni la kitenge rangi ya chungwa lililokaa vizuri kiunoni, nywele zilizosukwa mistari myembamba, na vumbi jekundu la milimani mpaka magotini.

"Samahani, ndugu," alisema. "Chupa hiyo haiuzwi sokoni. Inatolewa na serikali."

"Na serikali inapatikana wapi leo Jumamosi?"

"Ni mimi."

Dada yule alimpandisha kwa macho kuanzia raizoni hadi kwenye afro. "Kumbe serikali ni ndefu hivi," alisema.

Laurenti alimwuliza anapima mvua ya wapi. Alipojibiwa kuwa ya Matombo, kule milima ya Uluguru, nusura aangushe sufuria la watu. Kwa miaka miwili alikuwa akizisoma kadi za Matombo, na hakuna kituo kilichozishinda. Kila siku saa tatu asubuhi, bila kuruka hata sikukuu, na kwenye safu ya Maelezo, ambayo wapimaji wengine waliiacha tupu, huyu aliandika mambo. "Mvua ilianza katikati ya hesabu, watoto wakashukuru." Chini kabisa kulikuwa na sahihi isiyosomeka. Laurenti alikwishajiaminisha kuwa mwandishi ni mzee wa misheni mwenye ndevu nyeupe.

Kumbe alikuwa Mwalimu Martina wa shule ya msingi, na chupa ilikuwa imevunjwa na mbuzi. Siku hiyo Laurenti hakununua sufuria lolote. Badala yake alimnunulia Mwalimu soda, akamfundisha kanuni za kazi kwa muda wa saa moja na nusu: kwamba chupa huchukua milimita kumi tu kwa mara moja, na kwamba kadi yoyote ikionyesha zaidi ya milimita mia mbili kwa siku moja, lazima mkaguzi aende mwenyewe akaangalie kifaa. Martina alisikiliza yote akiwa amelaza shavu kiganjani. Alisema hajawahi kutongozwa kwa kanuni.

Chupa mpya ingeweza kwenda na gari la posta. Laurenti aliipeleka mwenyewe, juu ya lori la ndizi, ameipakata kama mtoto mchanga. Tangu hapo safu ya Maelezo ikachangamka. "Manyunyu. Mkaguzi akumbushwe kuwa njia inapitika." Karani wa ofisi, Bi Cecilia, mama wa Mwembesongo mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyenakili kadi zote, na alikuwa akiyasoma maelezo ya Matombo kwa sauti kabla ya chai ili ofisi nzima ifaidi.

Mambo yakawa mazuri mpaka Januari, ilipokuja fomu ya uhamisho. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inahama. Wanavijiji walihamia vijiji vipya, serikali yenyewe ilikuwa inajiandaa kuhamia Dodoma, na Laurenti alitakiwa achague kituo kimoja kati ya vinne: Dodoma, Tanga, Mbeya au Bukoba. Alipewa mpaka mwisho wa Agosti. Asipochagua atachaguliwa.

Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Baba yake aliwahi kuihamisha familia kutoka baridi ya Ufipa akaipeleka kwenye joto la ziwani, na mama yake akalilalamikia joto lile kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na moja, mpaka wazee wale wakawa hawasemezani ila kupitia watoto, hata waliporudi Ufipa. Laurenti alikua akiamini kwamba ndoa huuawa na hali ya hewa. Alimtaka Martina kufa na kupona, na alikuwa na hofu moja tu: asije akampeleka mahali ambapo atamchukia. Basi akatandaza karatasi kubwa, akachora jedwali la joto, baridi, mvua, umande na vumbi, akaanza kukusanya takwimu za mpenzi wake.

Mwezi Februari aliitwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki tatu. Aliandika barua kwamba Jumamosi saa nne atapiga simu posta ya Morogoro. Martina aliteremka mlimani alfajiri, akavaa gauni lake la harusi za watu, akasimama kwenye foleni. Walikuwa na dakika tatu.

"Martina, mpenzi, hujambo?"

"Sijambo, laazizi. Sema, nakusikia."

"Ukipata joto, unatokwa na jasho sana au kiasi?"

Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Martina aliifunika simu kwa kiganja. "Kiasi," alisema.

"Na baridi? Ngozi inapasuka visigino tu, au na midomo?"

Alijibu yote, kwa sababu alidhani mtu anayeuliza midomo anaelekea mahali. Walipofika kwenye vumbi na kifua, simu ikakatwa. Yule mama aliyekuwa nyuma yake alimpa pole, akamwambia dawa za kifua zinapatikana kwa wauza mizizi pale sokoni.

Jumapili moja baada ya Pasaka Laurenti alikwenda Matombo kujitambulisha. Mama yake Martina, Bi Yuliana, alichinja jogoo. Kaka wa mama huyo, Mjomba Kibwana, alikuwa amekwisha kufyeka kipande kizuri kando ya kijito, chenye migomba iliyoanza kuzaa. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwanamume anayetaka mke huonyeshwa mahali pa kulima kwa wakwe zake. Mjomba alikuwa na hamu ya kuonyesha. Alikuwa amevaa kanzu safi, na panga ameliegesha mlangoni tayari kwa safari ya shambani.

Laurenti aliwapa shikamoo, akala akashiba, kisha akakunjua karatasi yake mkekani. Aliwaeleza mvua ya Bukoba mwezi kwa mwezi. Aliwaeleza umande wa Mbeya, na jinsi Tanga kunavyonata. Dodoma aliipitia haraka kwa sababu alikuwa ameiweka mwisho kabisa: vumbi jingi, mvua ya kuhesabu, haimfai mtu yeyote anayependwa. Mjomba Kibwana alisubiri mpaka mwisho kwa adabu, akauliza wao wa Matombo wako mstari wa ngapi.

"Matombo haimo, mjomba," alisema Laurenti. "Si kituo cha ajira. Ni kipima mvua tu."

Bi Yuliana aliinuka kwenda kuangalia moto, na moto ulikuwa umezimwa tangu mchana. Mjomba alichukua panga lake akalirudisha ndani.

Martina alimsindikiza mgeni hadi barabarani. Lori lilipoonekana, akasimama.

"Umeniuliza jasho langu," alisema. "Umeniuliza visigino vyangu, foleni nzima inasikia. Kuna swali moja hujaniuliza."

Laurenti alifikiri kwa dhati. "Upepo?"

Martina, machozi yakimlengalenga, akamwambia apande gari lisije likamwacha. Usiku ule Laurenti aliipitia orodha yake, akaona kweli upepo ameusahau, akaandika barua ndefu kuuliza juu ya upepo. Haikujibiwa.

Kadi ya Aprili ikaja, namba zimekamilika. Kwenye safu ya Maelezo palikuwa na neno moja: "Hakuna." Mei, hakuna. Juni, hakuna. Bi Cecilia aliacha kusoma kwa sauti, na chai ya ofisi ikapoa. Laurenti alikonda mpaka bugaluu likahitaji mkanda. Siku moja karani huyo alivuta kiti, akaomba aonyeshwe jedwali lenyewe. Alilikagua kwa miwani, akaligeuza na nyuma.

"Mwanangu, umemwambia unamtaka?"

"Ilikuwa inaeleweka, Bi Cecilia."

"Nionyeshe. Ipo safu ya ngapi?"

Laurenti alitafuta, asiione. Aibu iliyomshika siku hiyo haikuwa na kipimo. Aliandika barua tatu akazichana zote. Kwenda mwenyewe hakuthubutu, kwa kuwa kila alipoliwaza lile panga likirudishwa ndani, alirudi kuketi. Agosti ikaingia na fomu iko tupu mezani.

Tarehe tano kadi ya Julai ikafika. Julai milimani ni ukavu na ubaridi, na kadi ilikuwa na sifuri kuanzia juu mpaka tarehe kumi na tatu. Hapo Bi Cecilia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tarehe kumi na nne, Matombo, milimita mia nne na kumi na mbili. Kwenye Maelezo: "Kifaa kinahitaji ukaguzi."

"Ama bahari imehamia kwao," alisema Bi Cecilia, "au wewe unaitwa. Na kanuni unaijua."

Kesho yake Laurenti alipanda lori. Vumbi la njiani lilimthibitishia kuwa haikunyesha hata tone. Alimkuta Martina barazani kwa shule akisahihisha madaftari, khanga mabegani, akamkaribisha kwa jina la Ndugu Mkaguzi. Laurenti hakujua aanzie wapi, basi akaanzia kwenye kazi. Alikipima kifaa kama kimekaa wima. Alikagua mdomo wake, akatazama kama kinavuja.

"Kifaa ni kizima," alisema.

"Basi kosa liko kwa nani?"

"Kwa mpimaji."

Martina aliweka kalamu chini. "Mpimaji alimimina humo birika mbili na nusu za maji ya kijito, kidogo kidogo, akayapima yote. Chupa inachukua milimita kumi. Niliijaza mara arobaini na moja, zikabaki milimita mbili, na hizo nikaziandika. Niliinama hapo mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Sijawahi kuidanganya kadi, Laurenti, hata siku hiyo niliyokuwa nakuchukia."

Laurenti akakaa chini palepale vumbini, na pasi yake yote. Akilini alimwona akijaza na kumwaga, akijaza na kumwaga, mara arobaini na moja.

"Nakupenda," alisema. "Nilitakiwa kuuliza kabla ya kupima. Naomba nikuoe, Martina. Unakubali?"

"Tukaishi wapi?"

"Popote. Hata hapa. Nitaacha kazi, nilime kwa mjomba."

Martina alitazama viganja laini vya Laurenti, akateremsha macho mpaka kwenye raizoni. "Utalima na hivyo?" Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, akanyoosha mkono. "Nakubali. Sasa lete lile jedwali lako, najua unalo."

Kweli alikuwa nalo mfukoni. Martina alilitandaza juu ya madaftari, akapiga rula pembeni, akaongeza safu mbili. Juu ya ya kwanza aliandika "Mama yangu," juu ya ya pili "Mama yako." Bukoba, siku tatu na meli. Mbeya, karibu na Sumbawanga ya Ufipa lakini mbali na Matombo. Tanga, kinyume chake. Kalamu ikafika mstari wa chini. Dodoma: treni ikiondoka jioni, alfajiri uko Morogoro, na ukipanda ya kwenda upande wa pili, unafika Tabora, unashika ya Mpanda, na Ufipa haiko mbali.

"Dodoma," alisema.

"Mpenzi, Dodoma ni ya mwisho. Vumbi lake..."

"Nitafunga kitambaa. Tena mvua zao chache, utamaliza kupima mapema uje tuzungumze."

Fomu ilijazwa siku hiyohiyo. Nambari 412 ilikatwa kwa wino mwekundu, ikaandikwa sifuri, kwa kuwa mapenzi ni mapenzi na takwimu ni takwimu. Mjomba Kibwana alilitoa tena panga lake, akawapeleka kijitoni kuwaonyesha migomba. Alisema nyumba ya serikali ni ya serikali, lakini kipande hiki ni cha Martina na watoto wake, na mwenye raizoni anakaribishwa likizo. Kazi ya kupima mvua aliichukua yeye, akafundishwa kwa siku mbili mpaka akajua.

Walioana Oktoba. Dodoma ilikuwa na vumbi kama jedwali lilivyosema, na Martina alililalamikia kila siku kwa furaha kubwa, huku mumewe akimsikiliza na kumjibu, jambo ambalo Laurenti hakuwahi kuliona kwao. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Agosti, ikaja bahasha kutoka kwa Bi Cecilia. Ndani mlikuwa na kadi ya Matombo kwa mwandiko mnene wa Mjomba Kibwana: sifuri tupu mwezi mzima, isipokuwa tarehe ishirini, milimita mia sita. Maelezo: "Kifaa kinahitaji ukaguzi. Ndizi zimeiva."

Laurenti alianza kueleza kwamba kituo kile si chake tena, na kwamba kwa kanuni anayepaswa kwenda ni mkaguzi mpya. Alipoinua macho, Martina alikuwa ameshavuta kikapu uvunguni na anauliza treni inaondoka saa ngapi.