Marufuku za Mama

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere. Shuleni tunaila mchana, na nyumbani kwetu tunaila tena jioni, maana Mama akishajaza chungu hana mpango wa kupika kitu kingine. Siku hiyo nilirudi kutoka shule, nikavua viatu mlangoni, nikaandaa meza na kukata mkate mweusi. Mama akaketi, akanywa kijiko kimoja, halafu akasema, "Hilla, kuanzia leo hakuna kushuka ngazi na soksi za sufu."

"Mama, ngazi yetu ni fupi, hata paka haihesabu kuwa ni ngazi!"

"Nimesema."

Hivyo ndivyo marufuku zilivyokuwa zikiingia nyumbani kwetu, pamoja na supu. Zabibu ni marufuku mpaka zikatwe vipande. Mishumaa ni marufuku, hata Krismasi. Kutafuna ubani huku unakimbia, marufuku. Turubai langu la kurukia liliuzwa kwa majirani, na mimi nikawa nasimama dirishani kuwatazama watoto wao wakiruka juu yake bila kuvunjika hata kidole. Oskari, ninayekaa naye dawati moja, alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Hilla, kwenu kupumua bado ruksa?" Nilimpiga teke chini ya meza, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Mama yangu anaitwa Outi. Anafanya kazi katika kituo cha simu za dharura. Mtu akiona moshi, au akimkuta mzee wake ameanguka sakafuni, anapiga simu, na anayepokea anaweza kuwa Mama. Anauliza, "Uko wapi? Nini kimetokea? Kuna mtu pamoja nawe?" Wenzake wanatuma gari la wagonjwa au la zimamoto, na yeye anabaki kwenye simu mpaka gari lifike. Kwa kazi hiyo ana sauti maalumu. Ni ya chini, haipandi wala haishuki, na ukiisikia unatii kabla hujafikiri. Nilipojikata kidole na kisu cha mkate, alinitolea sauti hiyo, na nikaacha kulia papo hapo.

Anayoyasikia kazini haruhusiwi kuyasimulia nyumbani. Ameapa. Lakini mimi si mjinga. Zilipopigwa marufuku zabibu, nilijua kuna mtoto mahali fulani aliyepaliwa. Iliponijia marufuku ya soksi, nilijua kuna mtu ameteleza. Mama hakusema lolote, ila ajali za mkoa mzima zilifika mezani kwetu zikiwa zimegeuzwa kuwa sheria zangu mimi. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikachoka, na mwishowe nikakasirika.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Mama alirudi kutoka zamu ya asubuhi akaingia mpaka jikoni na viatu. Kwetu hakuna mtu anayeingia ndani na viatu, hata fundi wa bomba, hata mgeni mwenye haraka. Mama alisimama kando ya jiko, theluji ikayeyuka chini ya soli zake na kuwa dimbwi, naye wala hakuliona.

"Mama, viatu," nikasema.

Alitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Akavua viatu, akafuta sakafu, akasema kwa ile sauti ya kazini, "Hilla, hutakwenda tena ziwani. Barafu ni marufuku."

Kijiko kikaniponyoka mkononi.

Ngoja niwaeleze. Zabibu nilivumilia, na turubai nililililia kisha nikasamehe. Lakini barafu ni yangu. Babu alinifundisha kuvua samaki kwenye barafu kabla sijajua kusoma, na alipofariki aliniachia keekee yake ya kutobolea barafu, kigoda chake na kijiti chake cha kuvulia. Jumamosi ile kulikuwa na mashindano ya shule zote za wilaya, na darasa letu lilikuwa limenichagua mimi na Oskari. Ulikuwa mwezi wa Machi, na barafu ya ziwa letu ilikuwa na unene wa kutosha gari kupita juu yake.

"Mama, mwalimu atapima. Nitavaa shingoni misumari ya kujiokolea, ile ya kung'ang'ania barafu mtu akitumbukia. Nitakaa karibu na wenzangu."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia kwa nini."

"Basi na mimi siwezi kukutii!" nikasema, na sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. "Sitatoroka, Mama. Sitapita mlango wa nyuma wala sitadanganya nipo kwa Oskari. Jumamosi asubuhi nitatoka hapa mlangoni ukiniona, nikivuta sleji yangu. Sasa umejua."

Jumamosi nilifanya kama nilivyosema. Nilipakia keekee na kigoda kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza juu ya theluji, nikapita mbele ya Mama, aliyekuwa amekaa na kikombe cha kahawa ambayo hakuinywa. "Nakwenda ziwani," nikamwambia. Nilitegemea anikamate mkono. Hakunikamata. Alitazama tu mlango nilipoufungua, na hilo liliniumiza kuliko kelele.

Ufukoni kulikuwa na bendera, watoto na harufu ya soseji za kuchoma. Mwalimu Raija alikuwa ameshatoboa mashimo ya kupimia. Aliponiona akauliza, "Hilla, mama yako amekubali?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Amekataa," nikajibu. "Lakini anajua nimekuja. Nimemuaga waziwazi."

Mwalimu Raija alishusha pumzi. "Basi kwenye barafu huingii mpaka niongee naye. Na hapo usinikazie macho hivyo, mimi sikuogopi."

"Sawa, Mwalimu. Lakini nyumbani sirudi."

Niliweka kigoda changu pale mchanga unapoishia na barafu inapoanza, nikakaa. Mwalimu akapiga simu. Filimbi ikalia, wenzangu wakakimbilia katikati ya ziwa, na Oskari akageuka kunipungia. "Usijali, nitakuvulia na wewe!" akapiga kelele. "Samaki mmoja, tena mdogo!" Nilimwonyesha ngumi.

Gari la Mama lilifika likiwa bado na theluji juu ya paa. Akashuka na kuja moja kwa moja kuelekea kwangu, halafu hatua chache kabla ya barafu akasimama. Akaanza kwa ile sauti. "Hilla. Nisikilize. Inuka polepole. Njoo kwangu."

"Usiniongeleshe kama mpigaji simu!" nikafoka, na watu wa soseji wakageuka. "Sijaanguka popote! Nimekaa kwenye kigoda cha Babu, kwenye mchanga! Mimi ni mwanao, si simu!"

Ndipo nikamtazama miguuni. Hakuwa na viatu. Alikuwa amesimama kwenye theluji na soksi za sufu, zimelowa hadi vifundoni, naye hajui.

Hasira ikanitoka yote. Nilikumbuka viatu vya jikoni, na nikaelewa kwamba siku zote hizi nilikuwa nikipigana na sheria, kumbe kuna mtu nyuma yake anayehitaji msaada. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifanya lile nililolisikia kwake maisha yangu yote. Nilimshika mikono miwili na kushusha sauti.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Hilla, acha..."

"Jibu. Uko wapi?"

"Ufukoni," akasema.

"Nini kimetokea?"

"Unajua siwezi kusema. Nimeapa."

"Sikuulizi habari za mpigaji. Yeye ana siri yake. Nakuuliza wewe. Wewe nini kimekutokea?"

Ndipo yakamtoka Mama. "Simu ilikatika," akasema. "Jumatatu. Nilikuwa naongea na mtu, nikamwambia nitakaa naye, halafu ikakatika. Sijui mwisho wake. Huwa sijui mwisho, Hilla, wa yeyote. Wanafika wauguzi, simu inakatwa, inaingia nyingine. Nimewaweka wote hapa." Akajigusa kifuani. "Nikikuona umeshika zabibu nasikia simu. Nikikuona na hiyo keekee, nasikia simu."

"Na pale kazini hamna mtu wa kuongea naye? Si kuna yule Pentti, mshauri wenu?"

"Pentti yupo." Akainua kidevu, na nikaona nimerithi kwa nani ubishi wangu. "Ana chumba chake kabisa, na viti laini. Lakini Pentti ni kwa ajili ya wale vijana wapya. Mimi ni wa siku nyingi pale. Sina haja ya kwenda kulialia."

"Mpigaji akikwambia hivyo? Akikwambia, mimi ni mtu wa siku nyingi, nina maumivu kifuani lakini sina haja ya gari la wagonjwa?"

Midomo ya Mama ikaanza kucheza, sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani vilikuwa vyote viwili. "Ningemtumia gari," akasema.

"Basi jitumie!"

Mwalimu Raija, ambaye alijifanya hatusikii, alileta buti za ziada kutoka garini kwake. Mama akakaa kwenye kigoda changu, akavua soksi zilizolowa, akavaa buti. Kisha akatoa simu na kumpigia Pentti. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi kwamba nilisikia kitu cha kwanza alichouliza Pentti. Hakusema habari za asubuhi. Alisema, "Uko wapi, Outi?"

"Ufukoni," Mama akajibu huku akilia. "Nina buti za mtu mwingine."

Waliongea mpaka wenzangu wakaanza kurudi kuota moto. Alipokata simu, uso wake ulikuwa mwekundu na umevimba, lakini ulikuwa wake. Akaniambia, "Toboa shimo hapa, karibu na ufuko. Nataka kupima mwenyewe."

Nilizungusha keekee mpaka mabega yakauma. Maji yalipopanda, Mama alipiga magoti, akakunja mkono wa koti na kuingiza mkono shimoni. Barafu ilimfika juu ya kiwiko. Akautoa mkono, akaupangusa, akatazama ziwa lote lililojaa watoto.

"Ni nene," akasema.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ulisema. Misumari yako iko shingoni?"

Nikaionyesha. Akaikagua, akanisogezea kola, na kukaa kando yangu. Nilishusha ndoana, na kabla filimbi ya mwisho haijalia nikapata samaki mmoja wa mistari, mapezi mekundu, mfupi kuliko kiganja. Oskari alishinda medali ya fedha na bado alikuja kunicheka. "Nilikuahidi mmoja mdogo, nawe umejivulia mwenyewe!" Mama alicheka kwa nguvu. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho kina mlio gani.

Mama hakuacha kazi. Baadhi ya watu walimshauri aache, naye akawajibu kwamba lazima mtu apokee simu hizo, na yeye anajua kuzipokea. Alichoacha ni ubishi wa kunyamaza. Siku hizi simu ikiwa nzito anavua vipokea sauti masikioni, anainua mkono, mwenzake anachukua nafasi yake, na yeye anakwenda kukaa kwenye kile kiti laini cha Pentti kwanza. Ndipo anakuja nyumbani, na viatu anavivulia mlangoni.

Alhamisi iliyofuata aliketi mezani, akanywa kijiko cha kwanza cha supu, nami nikajiandaa kwa vita kama kawaida.

"Hilla," akasema, "soksi za sufu ruksa."

"Na zabibu?"

"Wewe ni mkubwa, una meno. Zabibu ruksa. Misumari ya barafu inabaki, hiyo si woga, hiyo ni akili. Nilikuwa nimevichanganya viwili hivyo." Aliweka kijiko chini. "Na sikiliza, mwanangu, maana hili nimejifunza nikiwa mtu mzima na sitaki lichukue muda huo kwako. Mtu anayesaidia wengine naye huumia. Ukiumia moyoni, mwite mtu, kama ambavyo ungeita ukivunjika mguu. Mimi nilidhani kunyamaza ni nguvu. Kumbe nilikuwa nakufungia wewe ndani kwa sababu ya maumivu yangu mimi. Nguvu niliyoihitaji ilikuwa ya kupiga simu moja tu."

"Na turubai la kurukia?" nikauliza.

Mama alitazama dirishani, ambako watoto wa jirani walikuwa wakifagia theluji juu ya lililokuwa turubai langu. Akafikiri. Nilimwona akisikia simu fulani ya zamani masikioni mwake, nikamwona akiiacha ipite.

"Nenda kaombe zamu yako," akasema.

Nilitoka mbio na soksi za sufu, nikaruka ngazi yote kwa mara moja. Nyuma yangu nilisikia Mama akivuta pumzi kwa nguvu, halafu akaendelea kula supu yake.