Mkanda wa Profesa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, aliyekuwa akimshonea profesa mmoja mikanda ya kichwani. Profesa huyo ni mhandisi wa vifaa tiba, na ndani ya mikanda hiyo huweka vihisio vya kupima mawimbi ya ubongo. Majivuno yake usiseme: hata salamu yako huijibu akitazama dari.

Mchana mmoja rafiki yangu alimpelekea mkanda mpya maabara, chumba kisicho na dirisha. Profesa akakivisha kichwa cha plastiki cha maonyesho, akawasha mashine.

"Ubongo ukifanya kazi, mashine inalia. Hapa haitalia. Nadhani hata wewe, mama, hilo unalielewa."

Mara umeme ukakatika. Giza likawa totoro, mashine ikabaki kwenye betri. Kisha ikaanza: ti... ti... ti. Taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala.

"Profesa, inalia," alisema rafiki yangu.

"Umeshona ovyo. Nyaya zinagusana. Ngoja niuvae mwenyewe, usikie ubongo unavyolia."

Akapapasa, akauvua ule mkanda. Mlio ukakoma. Rafiki yangu akasikia kitambaa kikivutwa juu ya nywele, kisha kimya. Profesa akaubana, akaulowesha kwa mate, akaubana tena. Kimya. Basi akaanza kueleza sababu kwa sauti yake ya darasani, akaeleza na kueleza mle gizani, na muda wote huo mashine haikulia hata mara moja.